Kanda ya Upande wa Wanawake

Saint-Étienne, 4 Machi 2006

Mdogo wangu Lazhar,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu Ouarda na kwa watoto. Sisi wazima. Hajja anaumwa magoti, na sisi anatuumiza masikio, lakini ndivyo tulivyogawiwa. Naandika kwa mkono kwa sababu simu yetu iko sebuleni, na Hajja, mama mkwe wangu, naye yuko sebuleni, na jambo hili sitaki alichangie.

Nina shida nawe. Nawal anaolewa Julai, hilo unalijua. Wiki iliyopita alikuwa anapekua albamu ya harusi yangu, akaniuliza, "Mama, mbona bibi wa Batna hayumo hata kwenye picha moja?" Nikamwambia Bibi hakupenda picha, ila kwenye kanda ya video yumo, ile ya upande wa wanawake, anacheza hadi jasho linamtoka. Sasa mtoto hanipi nafasi. Anataka amwone bibi yake kabla hajaingia nyumbani kwa mumewe. Nakala yetu ilitafunwa na mashine zamani. Imebaki ile aliyoachiwa Mama, na sanduku lake umelirithi wewe. Iangalie chini ya mablanketi.

Wewe ni mwalimu wa umeme chuoni, mambo ya waya unayajua. Nasikia siku hizi watu wanaunganisha video na kompyuta, wanahamisha kanda zao kwenye DVD, na kwamba programu za kufanyia kazi hiyo ni nyingi, nzuri na mbovu. Chagua nzuri. Ila nisikilize. Usiipeleke dukani. Wanawake wa Constantine, watu wa Hajja, walikuja siku ile mabega wazi na migongo wazi, na Hajja aliwaapisha wote kwamba hakuna mwanamume atakayeitazama ile kanda, hata ndugu wa bi harusi. Wengine leo ni wake za watu wazito. Kwa hiyo wewe unganisha waya zako, chagua programu, kisha ondoka, Ouarda akae mbele ya skrini. Yeye mwanamke, atazame anavyotaka.

Usinicheleweshe. Picha ya Mama inayotembea ni hiyo moja duniani. Nyingine ni ile ya kitambulisho, na mle anaonekana kama mtu anayesubiri hukumu.

Dada yako,
Saliha


Batna, 18 Machi 2006

Dada Saliha,

Barua yako imefika na kanda nimeipata, palepale uliposema. Ina ukungu mweupe kandokando, kama mtu ameinyunyizia unga. Kanda ya namna hii unaicheza mara moja huku unaomba Mungu, haina mara ya pili. Ndiyo maana suala la programu si la kukurupuka, na ninashukuru umemwandikia mtu anayejua.

Nimezilinganisha tatu. Ya kwanza ni ile iliyokuja ndani ya boksi pamoja na kadi ya kuunganishia video na kompyuta. Ina sura nzuri, vitufe vinang'aa, lakini ina kiherehere. Inaikatakata filamu yenyewe, kisha ukurasa wa mwanzo inakupangia vipicha vidogo ishirini uchague pa kuanzia. Maana yake kabla sijanywa kahawa nimeshaona sura ishirini za wake za watu. Hiyo nimeifuta.

Ya pili ni ya bure, alinipa mwalimu mwenzangu. Ina maandishi ya Kiarabu, na inafanana na kitu kilichotengenezwa na mtu mwenye njaa. Inafanya kila kitu, mradi ukae uitazame dakika kwa dakika. Hiyo nayo haitufai.

Ya tatu ni ya Mjerumani mmoja, na hapo ndipo nilipotulia. Unabonyeza mara moja tu. Inapokea kanda, inaipanga, inaiandika kwenye DVD, yote peke yake. Hakuna jicho la mtu linalohitajika tangu mwanzo hadi mwisho. Nadhani aliyeitunga alikuwa na mama mkwe kutoka Constantine. Nitafunika skrini kwa taulo, nitazima spika, nitaondoka nyumbani. Mwambie Hajja alale usingizi.

Kuhusu Ouarda, acha nicheke. Ouarda na kompyuta ni paka na maji. Majuzi alibonyeza kitu herufi zote zikawa kubwa, akaja kuniambia imekasirika. Hii kazi ni ya kitaalamu, na programu niliyochagua haihitaji mtu. Yeye ana cherehani yake.

Ndugu yako,
Lazhar


Saint-Étienne, 28 Machi 2006

Lazhar,

Mjerumani wako nimempenda, lakini bado nasema Ouarda akae. Si kwa ajili ya mashine. Nataka amtafute Mama. Pengine hakukaa katikati ya watu. Pengine yuko mlangoni, au kwenye kioo cha lile kabati la chumbani, au anapitisha sinia na kinachoonekana ni mkono. Mwambie Ouarda aandike ni dakika ya ngapi. Hata mkono tu, Lazhar. Ule wenye kovu la tanuri.

Saliha


Batna, 16 Aprili 2006

Dada Saliha,

Samahani kwa kimya. Mitihani imekaribia chuoni na mkuu wetu hana huruma.

Kuhusu kanda usiwe na wasiwasi, bado nalinganisha. Watu wanadhani kuchagua programu ni kama kuchagua tikiti maji, unaligonga mara mbili unaondoka nalo. Ile ya Mjerumani nimegundua ina upungufu wake. Inajiamini mno. Haikuulizi kitu, inafanya tu, na mwishoni inakuandikia kwamba kazi imekamilika, hata kama… Basi, hayo ni mambo ya kiufundi, hayatakusaidia. Ile ya kadi nimeirudia nione kama vile vipicha vinaweza kuzimwa. Kuna jamaa wa Sétif amenielezea ya nne, ambayo inasemekana hata kanda zilizochakaa inazitibu. Nitamfuata baada ya mitihani. Mambo haya yanataka subira.

Jambo jingine. Kwanza uliniambia Mama anacheza hadi jasho linamtoka. Sasa unatafuta mkono mlangoni. Ipi ni ipi? Nauliza tu.

Ouarda anakusalimu, watoto wanakusalimu. Mvua imenyesha vizuri na milozi imechanua yote.

Lazhar


Saint-Étienne, 27 Aprili 2006

Lazhar,

Nimeisoma barua yako mara tatu na sijaiona kanda humo. Nimemwona Mjerumani, nimemwona jamaa wa Sétif, nimeiona milozi. Tangu utotoni wewe ukivunja kitu unaanza kutueleza kilivyotengenezwa. Siku ulipoharibu redio ya Baba ulitufundisha habari za betri hadi chakula kikapoa. Sasa niambie umevunja nini.

Nawal amewaambia wenzake kwamba siku ya hina filamu ya bibi yake itaonyeshwa ukutani. Hajja naye anaisubiri, anataka wajukuu waone alivyokuwa kabla ya magoti. Nimeshindwa kuwakatalia. Kila siku wananiuliza, nami kila siku nasema mjomba wenu ni mtu makini.

Swali lako la mkono sitalijibu.

Saliha


Batna, 10 Mei 2006

Dada Saliha,

Kaa chini kwanza. Kanda haipo tena.

Nilifanya kazi ile tarehe 24 Machi, Ijumaa, kabla hujaniandikia ile barua ya kutafuta mkono wa Mama. Nilifunika skrini kwa taulo kama nilivyokuahidi, nikazima spika nisisikie hata sauti zao, nikabonyeza, nikaenda msikitini na kutoka hapo nikaenda kwa jirani yetu Ammar. Nilirudi baada ya saa nne na ushei. Programu imeandika kazi imekamilika, DVD imetoka, ina joto. Nikainua ncha ya taulo kwa jicho moja, nihakikishe tu kwamba kuna kitu. Giza. Nikasogeza mbele, giza. Saa nne za giza. Waya wa picha nilikuwa nimeuchomeka tundu la njano, na programu ilikuwa inasubiri picha kutoka tundu jingine. Mahali pa kubadilisha palikuwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angepaona.

Nikabadilisha, nikairudisha kanda mwanzo, nikaanza upya. Haikufika dakika mbili mashine ikaanza kulia. Ule ukungu ulikuwa umeng'oka pamoja na ile rangi ya kahawia inayoshika picha, ukajaa ndani ya video kama kahawa iliyosagwa. Mkanda ukanasa, ukakatika. Vipande nimeviweka, lakini ni plastiki tupu, ukiinua unaona upande wa pili. Yule jamaa wa Sétif amevitazama akanirudishia.

Nilimwomba Ouarda akae mbele ya skrini kama ulivyosema. Akaniambia ana nguo za watu za kumaliza. Kama angekaa, angeona giza ndani ya dakika moja, tungesimamisha, tungebadilisha tundu, na leo ningekuwa nakuandikia mambo mengine. Sitaki kumlaumu mke wangu, lakini wewe umetaka ukweli.

Nisamehe.

Lazhar


Saint-Étienne, 20 Mei 2006

Kwa wifi yangu Ouarda,

Sijawahi kukuandikia kwa ubaya tangu uingie nyumbani kwetu, miaka kumi na miwili sasa. Leo naandika.

Nilikuomba jambo moja, ukae kwenye kiti. Sikukuomba upike, sikukuomba ulipe, nilikuomba ukae utazame. Nguo za watu zingekukimbia? Mama ndiye aliyekupokea mlangoni na bakuli la maziwa. Na alipofariki mimi nilikuwa huku, ndege hazisafiri kwa sababu ya vita, ukamwosha wewe badala yangu. Siku zote nilikuwa najiambia, afadhali aliyemwosha ni Ouarda, huyo ana moyo. Kumbe mtu anaweza kumwosha maiti akashindwa kuketi mbele ya picha yake.

Nitamwambia Nawal nini? Nitawaambia wageni nini? Sina zaidi.

Saliha


Batna, 31 Mei 2006

Wifi yangu Saliha,

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mimi si mwandishi kama nyinyi, lakini hii naandika mwenyewe, na Lazhar ataisoma kabla sijaifunga.

Hakuna aliyeniambia nikae. Barua yako ya kwanza niliikuta mfukoni mwa koti lake nilipokuwa nafua, na wakati huo kanda imeshakatika. Ijumaa ile nilimwona na taulo lake, nikamuuliza kuna nini, akasema ni kanda ya wanawake ya harusi yako. Nikamwambia, "Basi niache nikae mimi, wale wanawake hawanidhuru." Akasema, "Wewe utabonyeza kitu." Nikasema nitaikalia mikono yangu. Akasema, "Programu hii haihitaji mtu, nenda kashone." Nikaenda nikashona. Hilo ndilo langu, kwamba nilikwenda. Mengine mwulize ndugu yako, na kugombana na wifi kwa kalamu mimi siwezi.

Ila kuna jambo. Barua yako ilinichoma, na Lazhar alipokwenda chuoni nikaiwasha hiyo kompyuta. Lile faili lilikuwa bado limo. Kulifuta aliona haya, na kulitazama aliona haya. Nikalifungua kwa ile programu ya bure aliyoidharau, kwa sababu ina Kiarabu na nilielewa vitufe. Juu palikuwa na giza kama alivyokwambia. Lakini chini yake kulikuwa na mstari unaopanda na kushuka kama vilima. Nikawasha spika. Wifi, sauti ipo. Yote, saa nne. Waya za sauti alikuwa amezichomeka sawa, ila spika alizizima kwa heshima, na tangu siku ile hakuna aliyeziwasha.

Nimeisikiliza kwa siku tatu huku nashona. Kuna matari na nyimbo. Kuna Hajja anayemwambia mwenye kamera chukua mikufu, chukua mikufu, bila kuchoka. Na Mama yumo. Nilimjua kabla hajamaliza neno, miaka mitatu nimekaa naye jiko moja. Kilichonishangaza ni kwamba sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote. Wengine wako mbali kidogo, yeye yuko hapa sikioni. Nilidhani ni mashine. Nilirudisha nyuma mara nyingi ndipo nikajua amesimama wapi.

Dakika ya kumi na mbili, Nasira, yule dada wa mpiga picha aliyeshika kamera, anamwambia kwa Kishawi, lugha yetu ya milimani, "Mama Tounes, ingia basi, kaa karibu na binti yako nikuchukue." Mama anamjibu, "Niache hapa nyuma yako, mwanangu. Ukikigeuza hicho kitu upande huu niambie nisogee. Saliha hapendi nionekane." Nasira anasema, "Lakini si wewe ndiye mama?" Naye anasema, "Mchukue yeye. Shika vizuri, usitikisike."

Nilikaa na maneno haya siku mbili nikijiuliza kama niyaandike. Habari zake sizijui na sikuulizi. Nakwambia tu kwamba alikaa nyuma ya ile kamera saa zote nne. Anamletea Nasira maji. Anamwambia, mchukue anavyoinua mkono, mchukue sasa anacheka. Anapiga vigelegele hadi sauti inapasuka. Jina lako nimelihesabu mara thelathini na moja, kisha nikaacha kuhesabu.

Programu hii inakata, nimeshajifunza. Ukitaka nikate ile dakika ya kumi na mbili, nitaikata na hakuna atakayejua, ndugu yako hatasema na mimi sitasema. Vigelegele vitabaki. Niambie tu.

Wifi yako,
Ouarda


Batna, 31 Mei 2006

Dada,

Naweka karatasi hii ndani ya bahasha ya Ouarda. Nimeisoma yake. Hakuna hata neno moja la kubishia.

Nilikudanganya. Nilipoandika kwamba alikataa kukaa, nilijua barua itakwenda na hasira zako zitatua kwake, na niliona nafuu. Barua yako ilipokuja akaisoma mezani mbele yangu, akaikunja, akaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Ningefurahi kama angenirushia sahani. Sijaweza kumtazama usoni tangu siku ile. Naondoka mapema, narudi nimechelewa, na nikisimama darasani kuwafundisha vijana tundu gani ni la nini, naona aibu hadi masikio yanawaka. Nilifunika skrini kwa taulo nisiwaone wake za watu nikajiona mcha Mungu, na huku mke wangu mwenyewe nikamwanika.

Nimemwomba msamaha. Amesema atafikiria, lakini kwanza anataka kiti chenye mgongo mbele ya kompyuta, nami nimekileta.

Maneno ya Mama nimeyasikiliza mara moja. Sikuulizi. Nimekaa naye miaka yote baada ya wewe kuondoka, kanda ile aliitunza sandukuni na video hatukuwa nayo, wala hakuwahi kuniambia lolote.

Lazhar


Saint-Étienne, 13 Juni 2006

Wifi yangu Ouarda, na wewe Lazhar,

Barua zenu nimezisomea ndani ya gari, nje ya soko, kwa sababu nyumbani hakuna chumba ambacho mtu anaweza kufunga mlango asiulizwe ana nini. Nyama niliyonunua iliharibika kwa joto.

Ouarda, barua yangu ya Mei ichome. Nilikutukana kwa kosa nililolitenda mimi kabla hata hujaingia nyumbani kwetu. Sasa nitaliandika, na nikiliandika mara moja sitaweza tena kulikana.

Asubuhi ya harusi Hajja alifika na watu wake kutoka Constantine. Akamtazama Mama kidevuni, zile alama za kijani alizochanjwa usichanani. Akanivuta pembeni akaniambia kwa upole kabisa kwamba kanda ile itaonwa na jamaa zao wote wa kike, wasije wakasema tumekwenda kuoa mlimani. Hakuniamuru. Hakusema zaidi ya hayo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevaa gauni lao la velvet ya dhahabu, na nilimwonea haya mama yangu. Nikaenda jikoni nikamwambia Nasira, "Mama yangu usimchukue, hapendi." Mama alikuwa bombani ananawa mikono, ametupa mgongo, maji yanatoka. Kwa miaka ishirini na mmoja nimejiambia kwamba hakusikia kwa sababu ya maji.

Hakunigusia jambo hilo kamwe. Alinipaka asali kidoleni nilambe, akaniombea dua, akanisindikiza hadi kwenye gari. Nilipokuwa nakuja likizo alinipikia kila nilichokipenda. Na mimi nikamchukulia kwamba hajui.

Nawal nilimdanganya, na wewe Lazhar nilikudanganya. Mama hakucheza mbele ya kamera, nilijua tangu mwanzo. Nilichotaka kujua ni kama Nasira alinikaidi. Miaka yote nimemwomba Mungu awe alinikaidi, japo mara moja, japo kwa bahati mbaya. Kwa hiyo hata ungechomeka tundu lililo sawa, Mama asingeonekana. Aibu ya waya ipunguze. Ile ya Ouarda kaa nayo, inakustahili.

Ouarda, usikate. Nilikaa na kalamu mkononi nikitaka kukuandikia ukate, sitakuficha. Nilishaanza hata kupanga nitawaambia wageni kwamba kanda ilikatika pale. Halafu nikaona kwamba nitakuwa nimemtoa Mama mara mbili kwenye harusi ileile, na safari hii ningekuwa nakutuma wewe. Iandike yote kwenye DVD, giza na kila kitu, tangu dakika ya kwanza. Ammar anakuja Lyon mwanzoni mwa Julai, mpe aniletee.

Hina ni tarehe kumi na tatu Julai. Nimeshamwambia Nawal kwamba picha hakuna, ni sauti. Akasema sawa, basi tutamsikiliza Bibi, nao wenzake watakuja vilevile, na Hajja atawekewa kiti chake mbele. Kishawi hakuna hata mmoja wao anayekijua. Ikifika dakika ya kumi na mbili watanigeukia wote waniulize Bibi amesema nini, na itabidi niwatafsirie.

Dada yako, wifi yako,
Saliha